Paka wako analia usiku, anakodolea ukuta, anajibingirisha mchangani: namna ya kumuelewa na kumlinda akiwa nje

Paka akilia usiku wa manane juu ya bati kuna jirani atasema mchawi anapita, na kuna mwingine hatasema kitu ila ameshashika jiwe. Huku Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Dar, paka wengi wanaotoka nje wameponzwa na tafsiri za watu. Kafanya kitu cha paka, mtu akakisoma kama kitu cha jini, mambo yakaishia hapo. Na upande wa pili upo pia, paka anaumwa kweli, anaonyesha dalili zote, mwenye nyumba anasema "aah huyu kapigwa jicho, atakaa sawa", kesho yake mchana kafa. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kukusaidia kutofautisha, kipi ni tabia tu, kipi ni ugonjwa wa kukimbizana nao, afu ufanye nini ili huko nje arudi salama.

Hatua ya 1: Mtazame kwanza, usimkimbilie

Ukiona kituko usimrukie kumkamata. Paka mwenye hofu au maumivu anamng'ata hata aliyemlea kwa dagaa, na meno yake ni membamba yanaingia ndani kabisa, juu kidonda kinafunga haraka huku chini usaha unajikusanya. Simama mbali kidogo, toa simu, rekodi video ya dakika moja. Hiyo video daktari wa mifugo ataielewa kuliko hadithi yako ya nusu saa, maana paka akishafika kliniki anajikunja kwenye kona na kile kituko hakifanyi tena.

Huku unarekodi angalia anapumua vipi, anatembea sawa au anayumba, mkia na masikio vimekaaje, na jiulize mara ya mwisho amekula lini na amekojoa lini. Hilo la mkojo watu wanalisahau na ndo la muhimu kuliko yote kwa dume, nitalirudia chini.

Akitulia na akikubali kushikwa, inua mdomo wa juu kidogo uone ufizi. Unatakiwa uwe wa pinki na unyevunyevu, ukibonyeza kwa kidole pale panakuwa peupe afu rangi inarudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ufizi mweupe kabisa, wa bluu au wa kahawia, hapo acha kusoma, mpeleke. Akiwa amelala hesabu pumzi, kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, paka mzima aliyelala mara nyingi yuko chini ya 30 kwa dakika. Ila paka wengine, hasa weusi, wana ufizi wenye madoa meusi na ni kawaida yao, usije ukampa mtu presha bure, ndo maana inabidi umzoee siku anapokuwa mzima ujue wa kwake ukoje.

Hatua ya 2: Jua vituko ambavyo ni maisha tu ya paka

Tuanze na kilio, maana ndicho kinacholeta ugomvi. Ile sauti kama mtoto mchanga ametupwa nje mara nyingi ni jike anayetaka dume, au ni madume mawili yametazamana yanatishana. Jike akiingia joto analia mchana na usiku, anajisugua kila mahali, anainua makalio na kupiga miguu ya nyuma kama anakanyaga kinu, wenye paka mara ya kwanza wanadhani uti wa mgongo umevunjika. Hali hiyo inaenda siku 4 mpaka 7 au zaidi, asipopandwa inatulia afu inarudi tena baada ya wiki 2 au 3 hivi, inazunguka hivyohivyo. Nchi za baridi paka wanapumzika kipindi mchana unapokuwa mfupi, huku kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo paka wetu hawana likizo. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, yaani unamuona bado mtoto kumbe keshakuwa mama, anabeba kama siku 63 hadi 65, na watoto wa mzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti, ndo maana unakuta mmoja wa chui chui, mwingine mweupe.

Ule ukelele mkali wa ghafla unaofuatiwa na jike kumgeukia dume na kumchapa makofi ni mwisho wa kupandana. Uume wa dume una vimiba vidogo, vinamuuma, na hivyohivyo vinasaidia mayai yaachiliwe. Baada ya hapo jike anajibingirisha chini kama kapagawa. Hajapagawa.

Madume yakitishana usitie mkono katikati. Piga makofi, gonga sufuria, mwaga maji karibu yao, inatosha. Paka shume wa mtaa akishamchagua paka wako kama adui atarudi kila usiku saa ileile, na dawa ya hilo iko hatua ya 4.

Kukodolea ukuta au dari. Hapa ndo majini yanapotajwa sana. Masikio ya paka yanakamata sauti nyembamba sana, mpaka kama kilohezi 64, sisi tunaishia 20, na panya wanaongea huko juu tusikosikia. Kwa hiyo paka akikaa nusu saa anatazama silingi bodi, kabla hujaita shehe panda uangalie panya. Macho yake nayo yanahitaji mwanga kidogo sana, kama sehemu moja ya sita ya tunaouhitaji sisi, mjusi anayekimbia gizani wewe humuoni, yeye anamuona mpaka mkia.

Kuna lile la kunusa kitu, mara nyingi mkojo wa paka mwingine, afu anabaki mdomo wazi na uso kama amesikia matusi. Juu kwenye kaakaa ana kiungo cha pili cha kunusia, anavuta harufu kuipeleka huko. Ni kama anasoma tangazo la nani kapita na yuko kwenye hali gani.

Kukimbia kama mwendawazimu magharibi na alfajiri nako kunawatisha watu, na kwa kuwa wengi wetu tulikuzwa kwa kuitwa ndani ikifika magharibi, paka akianza kuruka saa hiyohiyo inaonekana kama ushahidi. Ni muda wake wa kuwinda, panya na wadudu wanatoka saa hizo. Kujibingirisha mchangani anaacha harufu yake na kujikuna mgongo. Kula majani na kutapika kidogo mara mojamoja sawa tu, kila siku sio sawa. Kutoa kelele za meno kuwatazama shomoro, sawa. Kukuletea panya nusu mlangoni, sawa, na usimchape, paka anawinda hata akiwa ameshiba. Kusimama na mkia wima unatetemeka huku anarusha mkojo ukutani, hiyo ni kuweka mipaka, madume ambayo hayajahasiwa ndo yanazidi, majike pia wanafanya.

Paka mzee ni habari nyingine. Kavuka miaka 10, zamani alikuwa kimya, saivi anazunguka uani usiku analia bila sababu, anakula sana na bado anakonda, au anagongana na vitu. Inaweza kuwa tezi ya shingoni imezidisha kazi, presha ya damu, macho, au ubongo umezeeka. Mengine yana dawa, mpeleke akapimwe, usiseme ni uzee tu.

Hatua ya 3: Hapa usisubiri kesho

Dume anayechuchumaa mara kwa mara, anajikamua, tone moja au hamna, analamba chini, analia. Watu wanasema kafunga choo wanampa mafuta ya kula. Huyo mkojo umeziba. Kibofu kinajaa, sumu inarudi kwenye damu, na anaweza kufa ndani ya siku moja mbili. Daktari anamuwekea mpira wa mkojo na dripu, akiwahi anapona. Kama kuna kitu kimoja cha kushika kwenye maelezo yote haya basi shika hiki, maana kinaonekana kidogo na kinaua.

Paka aliyekuwa anaruka jana, leo ghafla anapiga mayowe na kuburuta miguu ya nyuma. Mtaa mzima utasema bodaboda imemkanyaga au kapigwa kipapai. Shika hiyo miguu. Kama ni ya baridi kuliko ya mbele, na vinyama vya chini ya nyayo vimekuwa vya bluu au vimepauka, mara nyingi ni damu imeganda kutoka kwenye moyo mgonjwa ikaenda kuziba mshipa unaoshuka nyuma. Ina maumivu makali sana, mpeleke saa hiyohiyo, na uwe tayari kwa habari mbaya kwa sababu wengi hawavuki.

Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa. Mbwa kwake kawaida, paka sio kawaida. Akiwa ametoka kukimbizwa jua la Februari anaweza kuhema dakika chache, mpeleke kivulini penye upepo, mlowanishe kwa maji ya kawaida sio ya barafu. Asipotulia haraka ni moyo, mapafu au joto limemzidi, daktari.

Kichaa cha mbwa. Jina linadanganya, paka anakipata pia, kwa kung'atwa. Paka mkali anakuwa mpole wa ajabu, au mpole anawarukia watu bila sababu, mate yanatiririka, sauti inabadilika, anashindwa kumeza, anajificha gizani, anayumba. Huyo usimshike kabisa hata kama ni wako wa miaka, mfungie chumbani au uani penye mlango, piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Mtu akiwa ameng'atwa au kuparurwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, dakika 15 kwa saa sio kwa makadirio, afu nenda hospitali ukachome chanjo siku hiyohiyo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala unga wa mganga. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mtu anakufa, ila kabla ya dalili chanjo inazuia, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja uone. Kama paka yupo na amefungiwa, anaangaliwa siku 10, akiwa mzima baada ya hapo basi wakati anang'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Lakini wewe chanjo umeshaanza, daktari ndo atakwambia uendelee au uache.

Sumu. Hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu sumu za panya zinauzwa barabarani hata kwenye pakiti zisizo na jina, na paka halazimiki kula sumu yenyewe, akila panya aliyekufa kwayo inatosha kwa aina fulani. Zipo za namna tofauti. Ile ya unga mweusi-kijivu yenye harufu kama ya kitunguu saumu inatoa gesi mbaya ikikutana na asidi ya tumbo, paka anatapika, anahangaika, anapumua kwa shida ndani ya masaa machache. Huyu usimpe chakula chochote maana chakula kinaongeza asidi na asidi inaongeza gesi, afu fungua madirisha, matapishi yake yanatoa gesi hiyohiyo na wewe unaivuta. Zile za kuzuia damu kuganda zinachelewa, anaonekana mzima siku 2 mpaka 5, baadaye ufizi mweupe, damu puani, michubuko, kukohoa, na dawa yake ni vitamini K1 ambayo daktari anayo. Dawa za wadudu wa mazao zinamfanya atoe udenda mwingi, machozi, atetemeke, mboni za macho ziwe ndogo kama tundu la sindano.

Maziwa sio dawa ya sumu. Najua bibi alisema, najua hata mtu wa duka la pembejeo alisema, ila maziwa hayaui sumu na mara nyingine yanaisaidia ipenye. Maji ya chumvi kumtapisha yanaua yenyewe. Mkaa wa jikoni uliosagwa sio mkaa wa hospitali. Chukua pakiti ya sumu kama ipo, au piga picha ya matapishi, kimbia.

Na Panadol. Paka ini lake haliwezi kuivunja, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa, ufizi unakuwa wa kahawia, uso na miguu vinavimba. Usimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu, hata robo, hata ya watoto. Hivyohivyo dawa ya kupe na viroboto iliyoandikwa ya mbwa, nyingi zina pemethrini na paka akipakwa anatetemeka mpaka degedege. Akishapakwa muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, afu daktari.

Wanaokaa karibu na diko au soko la samaki, Feri, Malindi, popote, kuna mambo yenu maalum. Wavuvi wanatupa bunju ufukweni, paka anakula matumbo yake, midomo inalegea, miguu inaishiwa nguvu moja baada ya nyingine mpaka pumzi. Hakuna dawa ya moja kwa moja ya sumu ya bunju, anasaidiwa kupumua mpaka iishe mwilini, kwa hiyo muda ndo kila kitu, na mvuvi mnayefahamiana muombe amfukie bunju badala ya kumuacha pale. Ndoana na mshipi: ukiona uzi unatoka mdomoni au nyuma, USIVUTE, ndoana au uzi unaweza kuwa umeshika utumbo na ukivuta unaukata. Kata uzi ubaki kama kiganja, mpeleke akapigwe eksirei.

Paka wa sokoni au anayelishwa samaki mbichi tu kila siku kuna kitu anakipata taratibu, aina kadhaa za samaki wadogo wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Anaanza kuyumba, anainamisha shingo kifuani, mwisho degedege. Hapo ndo utasikia "huyu ana jini". Sindano ya vitamini akiwahi inambadilisha haraka. Chemsha hao dagaa, moto unakiua hicho kimeng'enya, na changanya na chakula kingine kama maini kidogo au kuku.

Swila akimtemea machoni paka anafumba na kujikwaruza uso, mmiminie maji safi mengi kwa dakika kadhaa, usipake tui wala maziwa ya mama. Akiumwa na kifutu mguu unavimba haraka sana, usifunge kamba, usichanje, mbebe asitembee.

Hatua ya 4: Ifanye nje iwe na hatari kidogo

La kwanza na linalozidi mengine yote ni kuhasi dume na kumfunga jike kizazi, miezi 4 hadi 6. Hapo umepunguza kilio, mapigano, majipu ya kung'atwa, virusi vinavyopita kwenye mate ya ugomvi, kuzurura mitaa minne, na kelele kwa jirani, vyote kwa mkupuo mmoja. Mtu atakuambia ni dhambi au atakuwa mvivu. Anawinda kama kawaida, ila atanenepa ukimjaza wali. Bei inatofautiana sana kati ya kliniki na kliniki, uliza zaidi ya moja, na uliza kama kuna siku za kampeni. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Nairobi kuna kliniki ya chuo kikuu Kabete na KSPCA, shirika la kulinda wanyama. Ukiona paka wa mtaani ncha ya sikio moja imekatwa sawasawa, hajaumizwa, hiyo ni alama keshafungwa kizazi na watu wa kujitolea, wasimkamate mara mbili.

Chanjo ya kichaa anapigwa akifika miezi 3, anarudia baada ya mwaka, afu kwa ratiba ya daktari. Zile za mafua na ya kuharisha zinaanza mapema zaidi, wiki 8 hivi. Sehemu nyingi chanjo ya kichaa inatolewa bure au kwa bei poa karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, kwa hiyo Septemba weka sikio kwenye gari la matangazo.

Mzoeze kulala ndani. Usiku ndo magari hayamuoni, mbwa wamefunguliwa, paka shume wako kazini. Njia rahisi ni mlo mkubwa uwe wa jioni, kabla ya magharibi, utikise kopo lilelile kila siku mpaka akilisikia aje mbio, akishaingia funga. Wiki ya kwanza atalia mlangoni, usifungue, ukifungua mara moja tu umemfundisha kwamba kulia kunalipa. Muwekee maji na beseni la mchanga. Mchanga huo utoe kila siku, vijidudu vya toksoplasma kwenye kinyesi vinahitaji siku 1 mpaka 5 kabla havijaweza kuambukiza, kwa hiyo ukitoa kila siku umeshavunja mnyororo. Kama kuna mjamzito nyumbani kazi hiyo afanye mtu mwingine, na hakuna haja ya kumfukuza paka.

Shingoni weka utepe wa lastiki unaovutika au kola inayofunguka yenyewe, vidole 2 vipite, na namba ya simu kwa wino usiofutika. Hirizi ya kamba ngumu au shanga za waya ziondoe, paka akinasa kwenye fensi ananyongeka.

Gonga boneti asubuhi kabla ya kuwasha gari na angalia chini ya matairi, mchana wanafuata kivuli, usiku joto la injini. Funika kisima na tenki. Roshani ya ghorofa weka wavu, paka wanaanguka, hasa anapomfuata ndege, na wanaovunjika taya na kuumia mapafu ni wengi kuliko hadithi ya roho tisa. Gundi ya panya usiweke sakafuni, akinasa tumia mafuta ya kula taratibu afu sabuni, usimbandue kwa nguvu. Paka mweupe masikio na pua yake vinaungua na jua letu, kidonda cha ncha ya sikio kisichopona kinaweza kuwa kansa, mfungie ndani kuanzia saa nne mpaka saa tisa mchana.

Akipanda mnazi au mwembe akakwama, kucha zake zimepinda kwa ajili ya kupanda, kushuka inabidi arudi kinyumenyume na wengi hawajui. Usirushe mawe. Weka chakula chenye harufu chini, ondoa watu na mbwa, mpe muda. Imepita usiku mzima, tafuta mkwezi, mpe kapu na foronya, wakwezi wanaweza kuliko mtu yeyote mwenye ngazi. Ila sio paka wote wazembe juu ya miti, wale wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, Wagiriama wanawaita kadzonzo, wana sifa ya kupanda vizuri sana.

Hatua ya 5: Ongea na majirani kabla hakijatokea kitu

Jirani asiyemjua paka wako ndo mwenye jiwe, na paka mweusi yuko hatarini zaidi. Nenda kwa wazee kwanza, nenda na adabu, usiende na kesi.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu, za huko?"
"Nzuri bibi. Samahani, yule paka mweusi mwenye utepe mwekundu ni wangu, nimemchanja na nimemhasi, usiku namfungia. Akiingia jikoni kwako nitumie mjukuu aniite, nije mwenyewe, na alichoharibu nitalipa."

Maneno hayo ya mwisho yanafanya kazi kuliko hotuba yoyote ya haki za wanyama. Kwa jirani Muislamu mkumbushe ya Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia. Na ile ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Hiyo ya pili inakuhusu na wewe unayemfungia usiku, maji na chakula viwepo.

Uliza pia nani anaweka sumu ya panya na lini, muombe akuambie siku hiyo umzuie wako. Jirani akiendelea kumpiga makusudi, Tanzania Bara kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na Kenya kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Lakini anzia kwa mjumbe, kule Unguja na Pemba kwa sheha, polisi iwe ya mwisho, maana utaendelea kuishi mtaa huohuo na paka naye ndo ataachiwa visasi.

Hatua ya 6: Akipotea

Usianze na mtaa wa tatu. Paka aliyepotea mara nyingi yuko karibu, amejificha kimya na hata ukimuita haitikii, hasa kama ameumia. Anza kwako mwenyewe: juu ya dari, stoo, nyuma ya friji, kwenye mtaro. Afu nyumba zinazogusana na yako, omba ufunguliwe stoo na gereji, watu wanafunga milango bila kujua kuna paka ndani.

Rudia usiku mtaa ukishatulia, kama saa sita saa saba. Shika tochi usawa wa macho yako umulike chini ya magari na vichakani, nyuma ya jicho la paka kuna kitu kama kioo kinarudisha mwanga, utaona vimulimuli viwili vya kijani. Tikisa lile kopo. Ongea taratibu, usimfuate ukimuona, kaa chini akujie. Mnakwenda watu wawili, na mlinzi wa mtaa apewe taarifa msije mkaitiwa mwizi.

Kama mmehamia nyumba mpya mfungie wiki 2 mpaka 3 kabla ya kumtoa, la sivyo atarudi kule mlikotoka, kwa hiyo mwenye nyumba wa zamani aachiwe namba yako. Picha yake wazi, upande mmoja wenye alama, itume kwa majirani, kwa fundi viatu wa kona, kwa mama ntilie na kwa wauza samaki, hao ndo wanaojua kila paka wa eneo.

Akirudi baada ya siku kadhaa, mpe maji na chakula kidogokidogo, sio sahani nzima. Mpapase taratibu kuanzia kichwa mpaka mkia, ukisikia uvimbe wa moto au akikukoromea sehemu moja, hilo ni jipu la kung'atwa linalopanda siku ya 2 mpaka ya 4. Angalia ufizi, angalia kama anakojoa, na chanjo yake ya kichaa kama imepita muda mpeleke siku hiyohiyo usiseme wiki ijayo.